Hard Disk Imekufa: Ununue Ipi, na Windows Ulipie Nini?

Laptopu ya mwalimu au mhudumu wa zahanati hapa Samuye ikianza kuwaka kwa kujivuta, na ndani yake ukasikia mlio wa kugonga-gonga, mara nyingi hard disk ndiyo inaaga. Wengi huuliza kwanza diski mpya ni bei gani. Mimi ningeuliza kwanza kuhusu alama za wanafunzi na kumbukumbu zilizomo. Ukisikia mlio huo, zima mashine. Usiiwashe tena na tena kuijaribu, kwa sababu kila diski inapozunguka inaweza kujikwaruza zaidi. Mwambie fundi ahamishe mafaili kabla hajagusa kitu kingine, na mkubaliane bei ya kazi hiyo peke yake.

Sasa tuje kwenye diski. Ukienda mjini Shinyanga au Kahama, au ukiagiza Kariakoo, Dar es Salaam, ije na basi, utatajiwa hard disk ya kuzunguka ya mtumba, mara nyingi GB 500, na SSD mpya ya GB 240 au 256. Ya mtumba ni rahisi na ni kubwa, ndiyo maana watu huikimbilia. Lakini piga hesabu, kwa bei za mfano tu: ya mtumba 40,000, SSD 90,000, ufundi 20,000. Ya mtumba ikifa na ukarudia, umeshatoa 120,000. SSD ingekugharimu 110,000 mara moja. Hapo sijaweka nauli wala siku ya kazi iliyopotea.

Kuna na kasi. Diski ya kuzunguka husoma kama MB 100 kwa sekunde. SSD ya kawaida ya SATA hufika 500. Tena SSD haina kinachozunguka ndani, kwa hiyo mtikisiko wa bodaboda hauitishi. Laptopu ya zamani iliyokuwa inakera huwa kama imezaliwa upya. Kabla ya kuagiza, fungua mfuniko wa chini uone: ni ya inchi 2.5, au ni kile kijiti chembamba cha M.2? Ukikosea hapo, kifurushi kitarudi Dar es Salaam kwa nauli yako.

Ukilazimika kuchukua ya mtumba, mwambie muuzaji aichomeke na kufungua programu ya CrystalDiskInfo mbele yako. Soma mstari wa saa ilizofanya kazi. Saa 30,000 ni zaidi ya miaka mitatu bila kuzimwa. Rangi ya njano au nyekundu ikitokea, iache palepale. Na SSD ya TB 2 inayouzwa kwa bei ya chakula ni feki.

Kwenye Windows ndiko watu wanakolipishwa bure. Kama laptopu ilikuja na Windows halali, leseni imefungwa kwenye ubao mkuu wa mashine, si kwenye diski. Ukipiga toleo lilelile, itajitambua yenyewe ikipata intaneti. Unalipia ufundi tu. Leseni mpya ya Windows 11 Home kwa Microsoft ni dola 139, zaidi ya shilingi 300,000. Usiinunue kabla hujahakikisha kwamba huna. Windows zilizochakachuliwa ziogope, maana mara nyingi virusi huingia pamoja nazo.

Windows 10 iliishiwa msaada wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 kwa Intel inataka prosesa ya kizazi cha nane kwenda juu: HP EliteBook 840 G5 yenye prosesa hiyo inapita, 840 G3 haipiti. Mwenye G3 anayeandika barua, kutunza alama na kuingia mtandaoni, ningemwekea mfumo wa Linux Mint badala ya Windows. Ni bure, inakuja na LibreOffice, na inahitaji bando dogo kuliko Windows 11, ambayo faili lake la kupakua linazidi GB 5.

Mwisho, diski ya zamani. Kufuta mafaili hakuyaondoi. Mwenye kifaa cha kuisomea anaweza kuyafufua, na taarifa za wanafunzi na wagonjwa zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Usiiache kwa fundi hata akikupunguzia bei. Ondoka nayo mkononi, pamoja na risiti ya EFD iliyoandikwa aina ya diski uliyonunua, na umwombe muuzaji akuandikie muda wa dhamana.