KUTUNZA DAFTARI LA CHAMA KATIKA KOMPYUTA



Kanzidata ni daftari lililomo ndani ya kompyuta. Zipo kanzidata huria, ambazo chama hakizilipii leseni. Mojawapo ni PostgreSQL, iliyoanzia Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 1986. Mfumo wa DHIS2, unaokusanya takwimu za afya nchini mwetu, huzihifadhi humo.

Kwa chama cha pamba, mambo manne yazingatiwe:

1. Kila mwanachama apewe namba yake pekee. Huku kwetu akina Masanja na Mabula ni wengi. Jina halitoshi kumtambulisha mwenye kilo.

2. Jina liandikwe mara moja tu, katika orodha ya wanachama. Orodha ya mizani ichukue namba.

3. Kuandika malipo ya mkulima na kukata deni lake la pembejeo vifungwe katika muamala mmoja. Umeme ukikatika katikati, kanzidata hubatilisha yote mawili. Haibaki hesabu nusu.

4. Nakala ya akiba itolewe kila jioni na kutunzwa nje ya ofisi. Kila mwezi ifunguliwe katika kompyuta nyingine, kwani nakala isiyojaribiwa haiaminiki.

Aidha, kila toleo kuu la PostgreSQL huhudumiwa miaka 5 tu. Toleo la 12 lilikoma Novemba 2024. Chama kinacholitumia kihamie jipya, baada ya kutoa nakala.

Mkulima akiisha kupima pamba yake, hubaki na stakabadhi, nasi hubaki na daftari. Stakabadhi huweza kulowa mvua. Daftari lisipotee.

Mkaguzi wa Ushirika,
Mkolani, Mwanza