Hija ya Roma: Tujiandae Vema ili Tupate Nafasi ya Kusali

Miongoni mwetu wapo wanaojiwekea akiba kidogo kidogo, wengine kwa miaka mingi, ili siku moja wasali penye makaburi ya Mitume Petro na Paulo. Hiyo ni sadaka kubwa, nayo haistahili kupotea. Katika kuwasindikiza mahujaji, tumewaona wengine wakirudi na picha nyingi na miguu iliyovimba, huku wakikiri kwamba hawakupata hata saa moja ya kusali kwa utulivu. Mara nyingi chanzo chake ni maandalizi hafifu.

Tuanze na hati. Vatikani ni dola huru, lakini iko katikati ya jiji la Roma. Kwa hiyo hujaji kutoka kwetu anahitaji viza ya Schengen. Maombi yake hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na yasiwasilishwe chini ya siku 15 kabla. Inatakiwa pia bima ya afya ya safari yenye kinga isiyopungua euro 30,000. Kiasi hicho ndicho ambacho bima inaweza kulipia matibabu. Gharama ya kuikata ni ndogo zaidi. Padre anayeongoza kundi asisahau hati ya Askofu inayomtambulisha, kwani bila hiyo anaweza kunyimwa altare ya kuadhimishia Misa.

Pili, majira. Miezi ya Julai na Agosti joto la Roma ni kali, na katika Julai Katekesi ya Baba Mtakatifu ya kila Jumatano kwa kawaida husitishwa. Mwezi wa Mei au Oktoba huwafaa zaidi wazee wetu. Tiketi za Katekesi hiyo hutolewa bure; asiwepo mtu wa kuwauzia. Sala ya Malaika wa Bwana, Dominika saa 6 mchana, haihitaji tiketi yoyote.

Tatu, msijaribu kuona kila kitu. Basilika Kuu ni nne, na mbili kwa siku zinatosha. Treni ya chini ya ardhi, njia A, inawafikisha kituo cha Ottaviano kwa ajili ya Mtakatifu Petro, na San Giovanni kwa ajili ya Laterani. Njia B inakwenda hadi Mtakatifu Paulo Nje ya Kuta. Basilika ya Bikira Maria Mkuu, alikozikwa Papa Fransisko mwaka 2025, iko umbali wa kutembea kutoka kituo kikuu cha Termini. Wengi wetu hudhani kwamba Kanisa Kuu la Askofu wa Roma ni Mtakatifu Petro, kumbe ni Laterani. Hata hivyo, Mtakatifu Petro patugusa kwa namna ya pekee: ndipo Papa Paulo VI alipowatangaza Mashahidi wa Uganda kuwa watakatifu, tarehe 18 Oktoba 1964.

Kuingia kusali katika Basilika hizo ni bure, ila mtapanga foleni ya ukaguzi wa usalama. Mabega na magoti yafunikwe, kwa wanaume na wanawake. Basilika ya Mtakatifu Petro hufunguliwa saa 1 asubuhi. Anayefika saa hiyo hukuta foleni fupi na ukimya ambao saa 4 hautakuwepo tena. Makumbusho ya Vatikani hulipiwa, na Dominika hufungwa, isipokuwa ile ya mwisho wa mwezi.

Nne, jihadharini na wezi wa mifukoni. Mama mmoja wa kundi letu aliibiwa mkoba ndani ya basi lililojaa, akiwa amesimama kando yetu. Fedha zilikwenda, lakini pasipoti ilibaki, kwa sababu aliivaa shingoni ndani ya nguo. Nanyi fanyeni hivyo, na nakala yake iachwe mnapolala. Kumbukeni pia kugonga tiketi katika mashine mnapopanda basi. Asiyegonga hutozwa faini hata kama amelipa. Maji msinunue kila mara: mabomba madogo ya chuma yaliyo mitaani hutoa maji safi ya kunywa, bure.

Mwisho, kabla ya kuondoka, waulizeni jirani na wanajumuiya wenzenu nia zao, mziandike katika daftari. Chagueni Basilika moja mtakayoirudia siku ya mwisho, bila kamera, mzisome nia hizo moja baada ya nyingine mbele ya Ekaristi Takatifu. Hapo waliobaki nyumbani nao watakuwa wamehiji. Tunawatakia safari njema.