LORI LA BARIDI HALIPOZI MATUNDA YENYE JOTO

Mzigo wa maparachichi unapokataliwa na mnunuzi kwa sababu umelainika au kuoza njiani, lawama ya kwanza humwangukia dereva, na ya pili mwenye lori. Pengine lawama hiyo ni ya haki. Lakini mara nyingi uharibifu huwa umekwisha kuanza kabla lori halijaondoka, tena mikononi mwa chama chenyewe. Na anayekosa malipo ni mwanachama aliyengoja msimu mzima. Hivyo hapana budi jambo moja lieleweke: lori la baridi halikuundwa kupoza matunda yenye joto, bali kuhifadhi ubaridi ambao matunda yamekwisha kuupata.

Tunda likichumwa halifi. Huendelea kupumua, na kupumua huko hutoa joto. Kwa kila nyuzi 10 za Sentigredi zinazoongezeka, upumuaji huongezeka mara mbili hadi tatu, na siku za tunda kukaa bila kuharibika hupungua. Mtambo wa lori una nguvu ya kuondoa joto linalopenya kuta, pamoja na lile dogo la matunda yaliyokwisha kupoa. Likipakiwa maparachichi yaliyoshinda juani, mtambo utanguruma njia nzima kutoka Njombe hadi Dar es Salaam, yapata kilomita 700, na kipimo cha lori kitaonyesha hewa baridi. Lakini matunda ya katikati ya shehena yaweza kufika yangali na joto.

Kwa hiyo kazi huanzia shambani. Maparachichi yachumwe asubuhi mapema, yakatwe na kikonyo kifupi, yawekwe kivulini mara moja, wala yasitupwe. Siku ileile yafikishwe kwenye chumba cha baridi na kupozwa hadi kati ya nyuzi 5 na 7. Baridi iliyozidi nayo ni adui, kwani hugeuza nyama ya tunda kuwa nyeusi. Chama kisicho na chumba cha baridi kisipakie lori la baridi moja kwa moja kutoka shambani. Heri kitumie lori la kawaida lenye turubai, lisafiri jioni au usiku hadi penye chumba hicho.

Siku ya kupakia, katibu ahakikishe mambo haya:

1. Lori liwe safi, lisiwe na harufu, na mipira ya milango isiwe na ufa. Lipozwe kwanza likiwa tupu. Milango ikifunguliwa kwa kupakia, mtambo uzimwe, ili unyevu wa hewa ya nje usigande kuwa barafu ndani yake.

2. Kipimajoto kichomwe ndani ya tunda lenyewe, katika makreti kadhaa yatakayokaa mbele, kati na nyuma. Tunda lenye joto lisipakiwe.

3. Makreti yasifike darini wala kubana milango. Hewa baridi hupita juu, hushuka na kurudi chini. Ikizibiwa njia, sehemu ya mzigo haitafikiwa.

4. Maparachichi yasichanganywe na ndizi, ambazo huharibika kwa baridi iliyo chini ya nyuzi 13, wala na matunda yaliyoiva. Tunda linaloiva hutoa gesi iitwayo ethilini, ambayo huyaharakisha mengine kuiva. Samaki mmoja akioza, wote wameoza.

5. Mafuta ya mtambo yatoshe safari nzima, na dereva asiuzime apumzikapo.

Mwisho, katibu aandike katika hati ya mzigo saa ya kupakia, halijoto ya matunda, na halijoto iliyoagizwa kwa safari. Dereva atie sahihi, na mpokeaji apime tena kabla ya kushusha. Kwa hati hiyo itakuwa rahisi kujua uharibifu ulianzia wapi na nani awajibike. Bila hati, kila mmoja atamnyoshea mwenzake kidole, na hasara itabaki kwa mkulima.

Mali ya ushirika husafiri pamoja. Kreti moja lililochumwa jua la mchana na kufichwa katikati ya shehena humpunguzia malipo hata jirani aliyefuata masharti yote.