Kabla ya Kununua Mfumo wa Wateja, Kaa na Dada wa Mapokezi

Kazi yangu ni kufunga mifumo ya kompyuta kwenye gesti, loji na maduka ya pembejeo, kuanzia Mikumi hadi Kilosa mjini. Siku hizi naitwa zaidi kwa mifumo ya wateja, yaani programu inayotunza jina, simu, manunuzi na maombi ya kila mteja mahali pamoja, ili yeyote aliye zamu ajue anaongea na nani. Kampuni ya Siebel ilianzishwa Marekani mwaka 1993 ikiuza programu za namna hiyo kwa makampuni makubwa. Salesforce, iliyoanzishwa mwaka 1999, ikazipeleka kwenye intaneti kwa malipo ya kidogo kidogo, na ndiyo maana leo hata gesti ndogo inaweza kuwa nazo. Kinachoniuma ni kuona fedha zimelipwa, halafu baada ya miezi michache watu wamerudi kwenye kaunta buku.

Kosa kubwa hufanyika kabla sijafika. Tajiri ameonyeshwa programu Dar es Salaam, ameipenda, ameilipia, ndipo anapiga simu Mikumi: kuanzia Jumatatu tunatumia hii. Dada wa mapokezi hakuulizwa. Naye ndiye anayejua kwamba dereva wa lori la Tunduma hatalala mahali asipoliona lori lake, na kwamba mwongoza watalii anataka chai na vitafunwa vifungwe usiku kwa sababu alfajiri anawahi geti la hifadhi. Programu iliyotengenezewa wauza bima haina pa kuandika hayo. Inadai cheo, kampuni na thamani ya mkataba. Dada anajaza vistari ili skrini imruhusu kuendelea, na mwisho wa mwezi tajiri anasomewa ripoti ya vistari.

Kilosa tatizo huwa kwenye majina. Shika simu ya muuzaji wa duka la pembejeo: "Mzee Mahindi Rudewa", "Mzee Rudewa Mpya", "Kimamba Mbegu 2". Wote hao wanaweza kuwa mtu mmoja, mwenye shamba Rudewa na nyumba Kimamba. Namba yake imeandikwa mara kwa 0, mara kwa 255, na laini ya pili imeingizwa kama mteja mwingine. Ukiyamwaga hayo kwenye mfumo kama yalivyo, mzee mmoja anakuwa watu watatu: wa kwanza ana deni la mali kauli, wa pili anatumiwa pongezi kwa kulipa vizuri, wa tatu anaulizwa kwa nini haji tena dukani. Usafishaji unachosha na lazima muuzaji awe pembeni yako jina kwa jina. Matajiri hawapendi kuulipia. Mimi bila huo sifungi mfumo.

Halafu kuna hofu, ambayo wengi hawaizungumzii. Wateja wamo kwenye simu binafsi ya muuzaji. Ukimwambia azihamishe namba zote, anaelewa kwamba zikishahamia kwenye kompyuta yeye hahitajiki tena, basi atakupa nusu. Ninavyoona mimi, hana kosa. Duka linunue laini yake, na bosi atamke wazi, mbele ya wote, kwamba kamisheni ya muuzaji iko palepale.

Meseji nazo zinaharibu. Kwa kuwa mfumo unaweza kutuma kwa watu wote kwa mpigo, watu hutuma: tangazo la mbolea ya kupandia linamfikia mkulima akiwa anavuna. Mgeni aliyelala Mikumi usiku mmoja akielekea Mbeya anasumbuliwa mwaka mzima. Hapo sheria ipo pia. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na inataka taarifa za mtu zitumike kwa kusudi zilizokusanyiwa. Namba ambayo mgeni aliiandika kwenye kitabu cha wageni aliitoa apate chumba. Ukitaka kumtumia matangazo, muulize kwanza.

Duka moja la Kilosa lilikubali kuanza na mambo matano tu kwa kila mteja: jina, simu, kijiji, zao na deni. Msimu uliofuata muuzaji mwenyewe ndiye aliyeomba niongeze la sita, tarehe ya kupanda, maana alitaka kuwapigia wakulima wa mahindi kuhusu mbolea ya kukuzia kabla hawajaja kuulizia.