Upendo wa Mungu na Dhana ya Kufanywa Wana katika Nyaraka za Paulo

Makala hii inafafanua dhana ya kufanywa wana katika nyaraka za Mtume Paulo na uhusiano wake na upendo wa Mungu. Hoja inayotetewa ni kwamba upendo ndio chanzo cha tendo hilo, wala si tuzo inayolifuata. Kwa sababu hiyo, mwamini si mwana wa daraja la pili nyumbani mwa Baba.

Neno la Kigiriki huiothesia, lililoundwa kutokana na maneno yenye maana ya "mwana" na "kuweka", linapatikana mara tano katika Agano Jipya: Warumi 8:15, 8:23 na 9:4, Wagalatia 4:5 na Waefeso 1:5. Maandiko ya Yohana hayalitumii. Yenyewe husisitiza kuzaliwa na Mungu.

Katika sheria ya Kirumi, aliyeasiliwa alitoka chini ya mamlaka ya baba wa awali, akaingia chini ya mamlaka ya baba mpya, akapata jina lake na haki ya kumrithi. Mara nyingi alikuwa mwanamume mtu mzima, na lengo lilikuwa kuendeleza ukoo. Mwaka 50 B.K. Kaisari Klaudio alimfanya Nero kuwa mwanawe kisheria, ingawa alikuwa na mwana wa kumzaa, Britannicus. Nero alitwaa utawala mwaka 54, na Britannicus akafa mwaka uliofuata. Waraka kwa Warumi, ambao wataalamu wengi huuweka katika miaka ya 50, uliwafikia watu walioishi katika mji huohuo.

Mafundisho ya Paulo yanatofautiana na desturi hiyo katika mambo matatu. Kwanza, Mungu hakupungukiwa na mrithi, kwani anaye Mwana. Pili, waliofanywa wana hawakuteuliwa kwa sifa zao. Warumi 5:8-10 inawataja kuwa wenye dhambi na adui. Tatu, hawamwondoi Mwana katika nafasi yake, bali wanarithi pamoja naye (Warumi 8:17). Tena Mwana huyo ndiye aliyetumwa kuwakomboa (Wagalatia 4:4-5). Tendo lisilotokana na upungufu wa mtoaji wala sifa ya mpokeaji haliwezi kuelezwa ila kwa upendo.

Waefeso 1:4-5 inahitaji uangalifu. Kwa Kigiriki, maneno yanayotaja pendo yanaweza kufungamanishwa na utakatifu wa waamini katika aya ya 4 au na uamuzi wa Mungu katika aya ya 5. Tafsiri ya Union Version inafuata njia ya kwanza. Hata hivyo, hoja ya makala hii haitegemei aya hiyo pekee, kwa kuwa Warumi 5:8 inataja upendo wa Mungu waziwazi.

Hali hiyo ya uwana imekwisha kupokewa (Warumi 8:15), lakini utimilifu wake, yaani ukombozi wa mwili, bado unangojewa (8:23). Mateso ya sasa, basi, si ushahidi kwamba Baba amemkana mwanawe.

Kwa msomaji wa Kiswahili, neno "mwana" lina faida, kwa kuwa linaweza kumhusu wa kiume na wa kike. Hatari iliyopo ni kulielewa fundisho hili kwa mfano wa mtoto wa kulelewa ambaye hulishwa na kusomeshwa, lakini hatajwi siku ya kugawa mirathi. Katika nyaraka za Paulo, urithi ndio unaothibitisha uwana.