Mkono Uliowasha Utambi

Mission: Impossible ilifunguliwa kwa mkono ukiwasha kiberiti, utambi ukashika moto. Mkono ule haukuwa wa mwigizaji. Ulikuwa wa Bruce Geller mwenyewe, aliyeibuni tamthilia hiyo ya majasusi iliyoanza kuonyeshwa na CBS ya Marekani mwaka 1966. Muziki aliutunga Lalo Schifrin, mzaliwa wa Buenos Aires, kwa mapigo matano badala ya manne tuliyoyazoea. Ndiyo maana mwili hautulii ukiusikia.

Ninayemheshimu zaidi ni Steven Hill, kiongozi wa majasusi katika msimu wa kwanza. Alikuwa Myahudi mshika dini. Ijumaa, kabla jua halijazama, aliondoka studioni kuiwahi Sabato, hata kama kazi haijaisha. Msimu wa pili nafasi akapewa Peter Graves, na Hill akakaa takriban miaka kumi bila kuigiza. Wengine husema alipoteza bahati. Mimi naona alijua thamani ya imani yake, akailipia.

Tamthilia hii na ile ya safari za angani, Star Trek, zote zilizaliwa Desilu, studio ya mchekeshaji Lucille Ball. Star Trek iliposimamishwa mwaka 1969, mwigizaji wake Leonard Nimoy alihamia kwa majasusi, kuziba pengo la mwigizaji Martin Landau aliyekuwa ameondoka.