Sega Lililo Chini ya Gari: Amana ya Pumzi za Watoto Wetu



Hivi karibuni tulikuwa wageni mjini Eldoret, katika nyumba ya jamaa zetu waliohama Mombasa kufuata riziki. Mji huo, uliotawazwa kuwa jiji mwezi wa Agosti 2024, uko takriban mita 2,100 juu ya usawa wa bahari. Alfajiri zake ni za baridi, na mtu wa pwani akitoka msikitini hutafuta koti kabla ya kutafuta chai.

Kila asubuhi mwenyeji wetu huwasha gari karibu na dirisha la chumba cha watoto, akaliacha lingurume kwa muda ili lipate joto. Humo ndani hulala binti yake wa miaka sita, mwenye pumu. Tukiwa sebuleni tulisikia mngurumo nje na kikohozi ndani, vikienda sambamba kama mwito na kiitikio. Kwa kuwa barabara kuu itokayo bandarini Mombasa kwenda Malaba na Uganda hupita huko, malori na matatu huongeza moshi wao juu ya ule wa nyumbani.

Siku ya tatu gari lilianza kukosa nguvu mlimani. Tukafuatana na mwenyeji wetu na mkewe hadi kwa fundi. Fundi alichungulia chini, akagonga kopo la chuma lililo kwenye bomba la moshi, akasema: "Mzee, hiki kidude ndicho kinachokaba injini. Nikitoe, gari lipumue, nami nikutafutie mnunuzi." Akataja bei. Mwenyeji wetu alinyamaza, nasi tulijua kwa nini: karo ya muhula ilikuwa haijatimia, na bei ile ingeziba pengo.

Mkewe ndiye aliyesema. "Mwanangu, kama kidude hiki hakina kazi, mbona kuna watu wanaokinunua?"

Fundi akacheka. "Mama, ndani mna madini ya thamani."

"Na hayo madini yaliwekwa humo ya nini?"

Swali hilo ndilo lililotufanya tuandike makala haya.

Kidude hicho ni katalitiki. Jirani zetu wa Tanzania hukiita masega, na jina limesibu, kwani ndani mna tofali la kauri lenye vijitundu vingi mfano wa sega la nyuki. Kuta za vijitundu hivyo zimepakwa utando mwembamba wa platinamu, paladiamu na rodiamu. Moshi wa injini ya petroli unapopita humo, monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na rangi wala harufu na inayoua, hugeuka kuwa dioksidi ya kaboni. Mvuke wa mafuta yasiyoungua hugeuka maji na dioksidi hiyo hiyo. Oksidi za nitrojeni, ziwashazo mapafu, hurudi kuwa nitrojeni, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya hewa tunayovuta. Madini yenyewe hayaliki katika kazi hiyo. Ni kama mshenga, huwaunganisha wawili naye akabaki alivyo. Hata hivyo tusikipe sifa isiyo yake: dioksidi ya kaboni, inayochangia joto la dunia, hakiiondoi.

Historia yake ina mafunzo. Eugene Houdry, mhandisi Mfaransa aliyehamia Marekani, alisumbuliwa na habari za moshi uliogubika Los Angeles, akabuni chombo cha kuusafisha, na hataza yake ikatolewa mwaka 1956. Lakini petroli ya zama zile ilitiwa risasi, na risasi huyagandia madini yale yakafa. Houdry alifariki mwaka 1962 kabla ya kuona katalitiki zikienea. Magari ya Marekani yalianza kufungwa kwa wingi katika matoleo ya mwaka 1975, petroli isiyo na risasi ilipopatikana. Kwetu Kenya, na Afrika yote kusini mwa Sahara, petroli yenye risasi iliachwa kufikia mwanzo wa 2006. Nchi ya mwisho duniani ilikuwa Algeria, mwaka 2021. Kwa upande wa dizeli, Januari 2015 nchi za Afrika Mashariki zilishusha kiwango cha salfa hadi sehemu 50 kwa milioni, kwani salfa nayo hudhoofisha vichujio vya malori.

Wataalamu hawajaacha kukiboresha. Udhaifu wake mkubwa ni baridi: hakifanyi kazi sawasawa mpaka kipate joto la nyuzi 250 hadi 300 za Selsiasi, hivyo sehemu kubwa ya uchafu wa safari fupi hutoka dakika za mwanzo. Kwa hiyo watengenezaji hukisogeza karibu na injini kiwahi kupata moto. Huongeza oksidi ya siriamu, inayohifadhi oksijeni na kuitoa inapohitajika, na hufunga kihisi cha kupimia mchanganyiko wa hewa na mafuta. Magari mapya ya dizeli huongezewa kichujio cha masizi na dawa ya yurea.

Lakini ubunifu wote huo wafaa nini ikiwa chombo kimeng'olewa? Mwaka 2020 wakaguzi wa Uholanzi walichunguza magari makuukuu yaliyokuwa yakipelekwa Afrika, wakakuta baadhi yake hayana katalitiki. Wengine hutuuzia magari yaliyokwisha kuporwa mapafu. Tusiwe sisi wa kuyapora yaliyobaki.

Enyi akina mama na akina baba, yako mambo yaliyo katika uwezo wetu. Gari lisiachwe likinguruma mlangoni au penye dirisha. Liwashwe na liondoke taratibu, kwani katalitiki hupata joto upesi gari likiwa mwendoni. Lisiwashwe kamwe ndani ya gereji iliyofungwa. Plagi zibadilishwe kwa wakati, maana petroli isiyoungua huenda kuungua ndani ya sega na kuliyeyusha. Taa ya injini ikiwaka, isipuuzwe. Na tunaponunua gari lililotumika, tumwombe fundi mwaminifu alikague chini. Ni kweli kwamba sega huweza kuziba. Likiziba hubadilishwa, halitobolewi.

Mafundisho yetu yanahesabu kuondoa udhia njiani kuwa sehemu ya imani, na mafakihi wameweka kanuni kwamba madhara huondolewa. Tumezoea kufikiria jiwe na mwiba. Moshi nao ni udhia, tena haubaki njiani: huingia katika kifua cha jirani ambaye hakuupata msaada wa gari hilo wala hakuombwa ruhusa. Auzaye katalitiki yake hupokea fedha yeye, na gharama hulipwa na mtoto wa mwingine, au wa kwake mwenyewe.

Pale kwa fundi, mwenyeji wetu alimtazama mkewe, kisha akasema, "Kiache. Angalia kwanza plagi." Plagi mbili zilikuwa zimechoka, na kichujio cha hewa kimejaa vumbi. Gari likapanda mlima. Karo ililipwa kwa mafungu, baada ya mazungumzo yasiyo mepesi na shule. Hatusemi binti alipona, kwani pumu ina sababu nyingi. Twasema tu kwamba asubuhi iliyofuata gari liliwashiwa nje ya lango, mbali na dirisha, na tukanywa chai bila kusikia kikohozi.

Mwenyezi Mungu awape afya watoto wetu, na atujaalie tusiwe sababu ya dhiki ya pumzi zao. Amin.